Kumwonyesha mtoto Fantasia: anza na ufagio

Mzazi akiniuliza katuni gani itamfundisha mtoto kusikiliza muziki, namtajia Fantasia ya Walt Disney, ya mwaka 1940. Ila usiiwashe kutoka mwanzo ukaenda zako jikoni. Ina zaidi ya saa mbili, na ndani ya vipande vyake vinane simulizi yote inabebwa na muziki wa klasiki, chini ya Leopold Stokowski, kondakta yaani kiongozi wa okestra.

Hapa Kigoma watoto wengi wamezoea filamu za kibanda umiza, yale mabanda ya video, ambako mtafsiri hafungi mdomo. Wakikutana na katuni isiyo na maneno wanauliza papo hapo, "Mjomba, anasema nini?" Usijibu. Ukianza kutafsiri, masikio yao yanahamia kwako.

Mimi kwangu Mwanga naanza na kipande cha Mickey Mouse na ufagio. Ndicho kilichozaa filamu nzima: kilikusudiwa kiwe filamu fupi, gharama zikapanda mno, ndipo vikaongezwa vingine. Muziki ni wa Mfaransa Paul Dukas, wa 1897, uliotokana na shairi la Mjerumani Goethe. Mickey amechoka kuteka maji, anavaa kofia ya mchawi bwana wake, anauamuru ufagio umtekee. Mtoto aliyewahi kutumwa maji na dumu haelezwi mara mbili.

Kwanza wasikilizishe muziki peke yake, televisheni imezimwa, kwenye sabufa. Spika ya simu inameza sauti nzito, na uhondo uko humo. Kuna mahali Mickey anaupasua ufagio kwa shoka. Muziki unalipuka, kisha kimya. Halafu basuni, ala ya kupuliza, ile ya sauti nzito kuliko basuni zote, inaguna mara moja, inanyamaza, inaguna tena, na vipande vya ufagio vinaanza kuinuka, kila kimoja na ndoo zake. Watoto waliosikiliza kabla wanashikana mikono wakati kwenye skrini bado kumetulia. Hapo ndipo najua wamesikia kweli.

Siku nyingine weka viboko wanaocheza balei na mamba, kwa muziki wa Ponchielli. Watoto wa huku wanaoonywa kila siku kuhusu mamba hucheka hadi machozi. Sehemu ya uyoga unaocheza kwa muziki wa Tchaikovsky nayo ni fupi, haiwachoshi. Kipande cha dinosauri, cha muziki wa Stravinsky, kisubiri kwanza. Ni kirefu, na wanakufa kwa kiu jangwani.

Kipande cha mwisho, cha Mussorgsky, kina shetani mkubwa juu ya mlima akiita mizimu. Wadogo usiwawekee usiku. Wakubwa ukiwawekea, usizime katikati hata kama mmoja amejificha nyuma ya kochi. Kengele zitalia, shetani atajikunja, na Ave Maria ya Schubert itaingia polepole. Mwache mtoto aifikie, maana ukikatisha kabla ya kengele, atapanda kitandani na ile sura.