Kukubaliwa chuoni si kukubaliwa kwenye shahada ya mawasiliano

Mkuu, umeuliza kama barua ya kukubaliwa na chuo cha Marekani inakuingiza moja kwa moja kwenye shahada ya mawasiliano. Si lazima. Programu ikiwa na nafasi chache, mara nyingi unasoma kwanza masomo ya awali mwaka mmoja au miwili, kisha unaomba upya idarani. Hapo ndipo wengi huteleza: wastani wa chini wa alama (GPA, ambao kwa kawaida kilele chake ni 4.0) uliotangazwa, tuseme 3.0, wanauona kama tiketi. Huo ni wa kukuruhusu kuomba tu. Unayeshindana naye anaweza kuwa na 3.7. Wengine huchelewesha somo moja la awali, dirisha la maombi linafungwa, na huenda likafunguliwa mara moja tu kwa mwaka.

Tazama pia ni tawi gani lenye kikomo. Mara nyingi ni uandishi wa habari, matangazo au uhusiano wa umma. Studio na walimu havitoshi. Tawi la nadharia za mawasiliano huwa wazi zaidi, na mimi silidharau hata kidogo.

Muulize mshauri wa masomo: ukirudia somo, alama ya zamani inafutwa au zote mbili zinahesabiwa? Na ukikataliwa, unaruhusiwa kuomba tena mara ngapi?