Jumla 11, na moja kwenye swali la tisa

SWALI: Assalamu alaykum. Mimi ni mwalimu wa unasihi katika skuli ya sekondari, Wilaya ya Micheweni, Pemba. Mwanafunzi wa kike wa kidato cha pili amejaza PHQ-9, ile fomu ya maswali tisa ya sonona. Jumla amepata 11. Kwenye swali la tisa, la kuwaza kufa au kujidhuru, ametia 1, yaani "siku kadhaa". Mwalimu mkuu anasema 11 ni wastani, tungoje mitihani imalizike. Nifanyeje? Na wazee wake niwaambie?

JIBU: Wa alaykumu salaam, mwalimu. Msingoje mitihani. Ni kweli alama 10 hadi 14 huitwa sonona ya wastani, lakini swali la tisa halisomwi ndani ya jumla, husomwa peke yake. Mwanafunzi anaweza kupata jumla ya 4 tu, moja ikiwa imetoka hapo, na akawa hatarini kuliko mwenzake wa 15. Alama yoyote isiyo 0 kwenye swali hilo maana yake ni mazungumzo siku ile ile, kabla hajarudi kwao. Kama fomu ina siku mbili kwenye faili, basi mwite leo.

Kaa naye pahala ambapo mtu hasikii lakini anaweza kuwaona. Chumba cha walimu hakifai. Ikiwa wewe ni mwanamme, mwalimu wa kike awe karibu. Muoneshe fomu: "Hapa umetia moja. Nieleze." Akishasema, muulize wazi: "Umefikiria kujiua?" Kumuuliza hakumpandikizii wazo, wengi hupumua wakiulizwa. Kinachoharibu ni kuuliza kwa kukanusha, "Huna mawazo mabaya, sivyo?", kwani hapo umeshamjibia. Na usimkumbushe kuwa ni dhambi. Anajua tangu chuo cha Kurani, na pengine ndiyo sababu amekaa kimya.

Unatafuta mambo manne: wazo lilimjia lini mara ya mwisho, je, ana njia aliyoifikiria na anaweza kuifikia, amekusudia lini, na je, aliwahi kujaribu. Kisha muulize kama kuna mtu anayemuumiza, nyumbani, skuli au njiani. Jibu likiwa ndiyo, mkondo unabadilika: ni suala la hifadhi ya mtoto, linakwenda kituo cha Mkono kwa Mkono, kinachohudumia waliodhalilishwa, au ustawi wa jamii, simu ya bure ni 116, na anayeshukiwa haarifiwi na skuli.

Akiwa na njia au siku aliyoipanga, au amejaribu karibuni, asiachwe peke yake hata kwenda chooni. Mtu mzima ampeleke hospitali siku hiyo, na barua yako mkononi: maneno yake mwenyewe, alama, saa mliyozungumza. Anzeni hospitali iliyo karibu. Kusubiri boti ya kwenda Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili iliyoko Unguja, ni kupoteza muda, na jina hilo pekee huwafanya wazee wengi wakatae. Kama atahitaji kufika huko, daktari ndiye atakayeamua.

Ikiwa ni "natamani nisiamke" bila ya mpango, bado wazee huambiwa, lakini mtoto aanze kujua. Siri yenu ina mpaka, na ilifaa aambiwe mwanzo, kabla ya kujaza fomu. Mpe nafasi ya kuchagua nani aitwe: mama, bibi, shangazi. Mzee huyo mueleze la usalama tu, si kila alichokwambia mtoto: dawa zote za nyumbani na sumu za panya na za shambani zifungiwe au zitolewe, asilale chumba cha peke yake, asikemewe. Wakitaka kumpeleka kusomewa, usibishane nao. Waombe mawili: hospitali isikatizwe, na asifungwe, asipigwe wala kunyimwa chakula.

Sasa hiyo 11 yenyewe. Fomu inauliza wiki mbili zilizopita. Kama aliijaza ndani ya Ramadhani, maswali ya usingizi na hamu ya kula yanachafuka kwa daku na saumu. Uchovu unaweza kuwa malaria au upungufu wa damu, basi apimwe. Ikijazwa darasani, jirani akichungulia, alama hushuka kwa aibu. Ukimsomea kwa sauti, hujibu la kukuridhisha wewe. Irudie baada ya wiki mbili, faraghani. Kushuka kwa alama 5 ni nafuu ya kweli. 1 au 2 usizifurahie. Katikati hapo muone mara moja kwa wiki, nusu saa yatosha, mkipanga jambo moja au mawili madogo anayoweza kuyafanya, na kila mara umuulize upya lile swali la tisa kwa mdomo.

Andika ulichosikia na ulichofanya, ufungie kabatini. Kisitumwe kwenye kundi la WhatsApp la walimu, hata bila ya jina. Skuli ni ndogo, watamjua. Mwalimu mkuu hahitaji kuiona fomu. Mwambie: "Kuna suala la usalama wa mwanafunzi. Naomba saa moja leo, mwalimu wa kushika kipindi changu, na gari ikihitajika."