Maswali ya wasomaji: Redio ndogo za CD za mtumba

Mwezi huu tunajibu maswali kuhusu zile seti ndogo za CD zenye spika mbili pembeni, zinazoshuka kwenye makontena pamoja na friji na baiskeli.

Fundi, nimeona seti ndogo ya Onkyo iliyotoka Japani. Nyuma imeandikwa 100V 50/60Hz. Muuzaji anasema nikate plagi, nifunge ya kwetu ya miguu mitatu, itapiga. Ni kweli? Na kuna kingine cha kuangalia kabla sijatoa hela? — Msomaji, Tanga

Usithubutu. Umeme wa Tanzania ni volti 230, wa Japani ni 100. Ukichomeka hivyo hivyo, seti itapiga kishindo kimoja na basi. Hizo 50/60Hz zisikutie wasiwasi, kwani Japani yenyewe ina 50 mashariki na 60 magharibi. Kinachoua ni volti.

Unahitaji transfoma ya kushusha umeme, na hapa ndipo wengi hukosea. Zilizojaa madukani hutoa volti 110, kwa ajili ya vitu vya Marekani. Umeme wa mtaani ukipanda usiku mpaka 250, hiyo ya 110 itatoa karibu 120, na seti iliyoumbwa kwa 100 itaanza kuchemka. Tafuta inayotoa 100 kamili, au ile yenye tundu mbili, 100 na 110. Kwa ukubwa, soma kibandiko cha nyuma ya seti. Kikisema wati 45, nunua transfoma ya VA 100. Kikisema wati 80, chukua 200. Usiamini maandishi ya boksi: dukani hapo hapo mwambie muuzaji aiwashe, uipime kwa mita kabla hujachomeka chochote.

Kama seti imeshachomekwa kwenye 230 na imezima kabisa, usiitupe. Kwanza angalia fyuzi kwenye bodi ya umeme. Ikiwa nzima, mara nyingi kuna fyuzi nyingine ya joto iliyofichwa chini ya karatasi iliyozungushiwa koili ya kwanza ya transfoma ya ndani. Hiyo ikikatika, mita haitaonyesha kitu kwenye nyaya za kuingilia, na watu hudhani transfoma yote imekufa. Inabadilishwa, lakini kwa fyuzi ya joto yenye nyuzijoto zile zile zilizoandikwa juu yake, si kwa kuunga waya mtupu.

Jambo la pili ni redio. FM ya Japani huanzia 76 na kwa seti nyingi za zamani huishia 90. Stesheni zetu zimejaa kati ya 88 na 108, kwa hiyo unaweza kujikuta na redio inayoshika stesheni moja, au isishike hata moja. Ukiwa hapo hapo kwa muuzaji, bonyeza kitufe cha kutafuta stesheni ukiangalia namba. Ikivuka 90 na kuendelea hadi 108, umebahatika. Ikirudi 76, hesabu kwamba unanunua CD na spika tu, na bei ishuke kwa kiasi hicho.

Nenda na CD yako mwenyewe, ya dukani, si ya kuchoma. Cheza wimbo wa kwanza, kisha ruka moja kwa moja hadi wa mwisho. Fungua na kufunga trei mara tano. Ongeza sauti mpaka katikati na usikilize spika moja moja. Angalia kama rimoti ipo, maana kwenye seti nyingi za Kijapani kuna mipangilio isiyopatikana popote ila kwenye rimoti. Yale maandishi makubwa ya PMPO 3000W yapuuze kabisa. Seti nzuri ya sebuleni hutoa wati 20 au 30 za kweli kila upande, na zinatosha kumkera jirani.

Habari za kazi. Redio yangu inaandika NO DISC kila nikiweka CD, na trei haitoki mpaka niipige kofi. Fundi wa mtaani anataka tubadilishe leza. Nikubali? — Dada wa Morogoro

Usikubali bado, dada. Hilo kofi ndilo limetoa siri.

Trei husukumwa na mota ndogo kupitia belti ya mpira. Belti ikizeeka hulegea na kuteleza. Lakini kwenye seti nyingi, mota hiyo hiyo, baada ya kuingiza trei, ndiyo huinua kitako cha leza ili CD ishikwe na sumaku ya juu. Belti iliyolegea inaweza kuingiza trei, ikashindwa kumalizia huko kuinua kwa milimita chache za mwisho. CD haijashikwa, leza haioni kitu, seti inaandika NO DISC. Leza yenyewe ni nzima.

Chomoa umeme, fungua skrubu za nyuma na za pembeni, inua mfuniko. Belti utaiona mbele ya trei au chini yake, imeunganisha puli mbili za plastiki. Itoe kwa kijiti. Ukiilaza mezani ikabaki na umbo la yai badala ya duara, imekwisha. Pima mzunguko wake bila kuivuta, kisha nunua iliyo fupi kwa asilimia 5 hivi, yenye unene ule ule. Ya zamani imeshavutika, ukinunua sawa nayo utakuwa umenunua ulegevu mpya. Safisha puli kwa spiriti kabla ya kufunga, kwa sababu mabaki ya mpira uliooza hunata na kuteleza. Raba ya kufungia noti usiiweke. Itafanya kazi wiki mbili tatu, kisha itayeyuka na kuganda kwenye puli kama ubani uliotafunwa.

Belti ikiwa sawa na tatizo bado lipo, ndipo uende kwenye lenzi. Chukua kijiti cha pamba, tone moja la pombe ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, na ufute kwa kuzungusha taratibu. Lenzi imening'inia kwenye nyaya nyembamba kama unywele, kwa hiyo uzito wa kijiti chenyewe unatosha, usikandamize. Spiriti ya kuchomea sindano tuiache: aina nyingine zina mafuta yanayobaki kama ukungu. Na usipulize kwa mdomo, utatia mate.

Washa bila CD, funga trei, uangalie kutoka pembeni. Lenzi inatakiwa ipande na kushuka mara mbili tatu ikitafuta sahani. Usiitazame kwa juu, macho yako yakiwa usawa wake. Mwanga wa leza ya CD ni wa nanomita 780, jicho haliuoni vizuri na ndiyo maana ni hatari. Kamera ya simu ikielekezwa kwa pembeni mara nyingi huonyesha nukta ya zambarau. Lenzi isiposogea kabisa, kagua kwanza mkanda bapa wa nyaya kama umekaa sawa kwenye soketi yake.

Mahali inapokwama pia panasema. CD husomwa kutoka ndani kwenda nje, ikianza kwa mizunguko kama 500 kwa dakika na kumalizia kwenye 200. Ikiruka nyimbo za mwanzo na kutulia za mwisho, shuku mota inayozungusha sahani, imechoka na haifikii kasi. Ikiwa safi mwanzo na kukwama kuanzia katikati, shuku reli kinayotembelea kichwa cha leza: grisi imeganda. Ifute yote, paka grisi nyeupe ya silikoni kiasi cha punje ya mchele. Mafuta ya cherehani ni mepesi mno, yatatiririka hadi kwenye belti uliyoinunua juzi.

Kichwa kikihitaji kubadilishwa kweli, soma namba iliyo ubavuni mwake. KSS-213 ya Sony na SF-P101N ya Sanyo zimo katika seti za kampuni nyingi na vipuri vyake si adimu. SF-P101N zipo za pini 15 na za pini 16, hesabu kabla ya kulipa. Kichwa kipya huja na kinundu cha risasi kilichounganisha vituo viwili ili umeme wa mwilini usiue leza. Funga kichwa, chomeka mkanda wa nyaya, halafu ndipo uondoe kinundu hicho kwa pasi ya kulehemu. Fundi akikisahau, kichwa kipya nacho kitaandika NO DISC, na wewe utaambiwa ni feki.

Na ukimwona anazungusha kale kaskrubu kadogo kwenye kichwa ili "kuongeza nguvu", mwambie aache. Leza itasoma vizuri mwezi mmoja, kisha itakufa moja kwa moja.

Wanangu, spika zangu zinakwaruza nikiweka taarabu, hasa besi ikipanda. Ukingo wa sponji ukiugusa unamong'onyoka. Ninunue spika mpya? — Mzee wa Unguja

Shikamoo mzee. Ni hewa ya pwani na umri, sponji hizo huoza hata zisipopigwa. Kabla ya kuamua, weka vidole vinne kuzunguka kitovu cha koni na uisukume ndani polepole kwa usawa. Ikienda kimya, koili ni nzima na kinachotakiwa ni ukingo mpya tu. Pima kipenyo cha koni na cha fremu, fundi aagize wa mpira badala ya sponji, utadumu zaidi. Ukisikia mkwaruzo ukisukuma, koili inagusa sumaku, hapo nunua spika nyingine yenye omu zile zile zilizoandikwa nyuma, iwe 4, 6 au 8. Kuweka ya omu 4 kwenye seti iliyoandikwa 6 ni kuiunguza seti.

Kitufe cha sauti: nikipandisha, inashuka, nikishusha, inaruka juu. — Msomaji, Mombasa

Uchafu ndani ya enkoda, kile kipuri kilicho chini ya kitufe kinachohesabu mizunguko yake. Chomoa umeme, vuta kifuniko cha kitufe, nyunyiza dawa ya kusafishia swichi kwenye shingo yake, zungusha mara 30, acha ikauke nusu saa. Ikirudia baada ya mwezi, badilisha enkoda, ni kipuri cha bei ndogo.

Naweza kupiga nyimbo za simu kwenye seti hii? Nyuma ina matundu mengi na sijui lipi ni lipi. Pia CD nilizochoma za MP3 hazisomi. — Msomaji, Bukoba

Tafuta tundu nyekundu na nyeupe zilizoandikwa AUX IN au MD IN. Zilizoandikwa OUT hutoa sauti, hazipokei, na ile ya PHONO ni ya sahani za santuri, simu itakoroma humo. Sauti ya simu iweke robo tatu, kisha rekebisha kwenye seti.

Seti za zamani hazijui MP3. Choma upya kama CD ya muziki, si ya data. Itaingia dakika 80 tu. Chagua kasi ndogo na uifunge sahani mwishoni (programu huandika "finalize"). CD za kuchoma hurudisha mwanga kidogo kuliko za dukani, kwa hiyo leza iliyochoka huzikataa hizo kwanza.

Ukishapata muziki, kagua nyaya za spika. Nyekundu iende kwenye nyekundu pande zote mbili. Ukigeuza upande mmoja, besi itapotea na sauti ya mwimbaji itaelea hovyo badala ya kukaa katikati. Kama rangi zimefutika, gusisha betri ya volti 1.5 kwenye nyaya za spika kwa sekunde moja. Koni ikiruka nje, waya uliogusa chanya ya betri ndio chanya ya spika. Utie alama ya wino kabla hujausahau.