Msanii kakamatwa kwa ulevi na fujo, kumcheka ni dhambi hata kama katutukana?

SWALI: Assalaam alaykum shekhe wetu. Mimi kijana wa Tanga ila kwa sasa niko Marekani, jimbo la Georgia, natafuta maisha. Tuna grupu letu la WhatsApp la washkaji wa nyumbani. Juzi mmoja karusha ile klipu ya zamani ya muigizaji Shia LaBeouf, yule wa filamu za magari yanayogeuka maroboti, alivyokamatwa Savannah hukuhuku Georgia mwaka 2017 kwa fujo, yuko na pingu anamtukana askari mweusi matusi ya rangi. Tukacheka siku mbili nzima, mimi ndo nikatengeneza stika ya sura yake. Mke wangu akasema hiyo ni ghiba, yaani kusengenya, nikamjibu huyu sio Muislamu, ni staa, na kamtukana mweusi kama sisi, sasa mimi nimuonee huruma ya nini? Kuna jambo jingine, kwenye grupu alikuwepo jamaa yetu mmoja anahangaika na pombe miaka sasa, kesho yake kalefti kimya kimya. Naomba unielekeze.

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah. Kwanza msalimie mkeo.

Sasa tulichambue maana umechanganya mambo matatu kwenye kapu moja. Kuhusu ghiba kwa asiyekuwa Muislamu, wanazuoni wamelizungumza, wapo waliosema ile aya ya 12 ya Suratul Hujurat inawahusu waumini wao kwa wao, na wapo waliosema asiyekupiga vita naye heshima yake hailiwi bure. Na hata tukisema huyu maovu yake aliyafanya hadharani, Imam Nawawi kataja sehemu sita ambazo kumsema mtu kunaruhusiwa, na mojawapo ni huyo anayedhihirisha uovu wake, lakini kwa lile alilolidhihirisha tu, usiongeze la kwako. Kutengeneza stika watu wacheke sura ya mlevi, mwanangu, hiyo kwenye zile sita haimo, nimezihesabu.

La matusi ya rangi hapo uko sahihi na sitaki mtu anielewe vibaya. Ni uchafu, na ulevi sio kisingizio. Lakini angalia Mtume (s.a.w.) alivyolishika jambo kama hilo. Abu Dharr, swahaba mkubwa kabisa, aligombana na mtu akamtukana kwa mama yake, na riwaya zingine zinasema aliyetukanwa ni Bilal, akamwambia ewe mtoto wa mwanamke mweusi. Mtume akamwita, akamwambia wewe ni mtu ambaye bado una ujahili ndani yako. Kamwambia yeye mwenyewe, kwa tendo lile, na Abu Dharr akanyooka akawa baada ya hapo anamvisha mtumishi wake nguo sawa na aliyovaa yeye. Hakuna mahali tunasoma kwamba Madina nzima walikaa wiki wanamuigiza Abu Dharr. Na mwenye haki ya kusamehe au kudai ni yule askari aliyetukanwa, sio wewe na grupu lako, nyie mmejipa uwakili ambao hamkutumwa. Huyo muigizaji siku chache baadae alijitokeza mwenyewe akawaomba radhi wale askari, akasema anaona aibu, akakiri kwamba ulevi unamsumbua muda mrefu. Mahakama nayo mwaka huohuo ikampa adhabu, ikamuweka chini ya uangalizi na kumtaka aende akatibiwe. Sasa nyie miaka yote hii imepita bado mnamchapa, kwa hukumu ya nani?

Maana hapa ndo penyewe. Kwenye Bukhari kuna hadithi ya Abu Huraira, aliletwa mtu kwa Mtume amelewa, akasema mpigeni, basi wakampiga, huyu kwa mkono, huyu kwa kiatu, huyu kwa nguo yake. Hakuna aliyeambiwa asipige, hiyo ilikuwa sheria na sheria ilifuatwa. Yule mtu alipokuwa anaondoka mmoja akamsindikiza na neno, Allah akuhizi, yaani akufedheheshe. Mtume akasema msiseme hivyo, msimsaidie shetani dhidi yake. Yaani kiatu kilikuwa halali na lile neno ndo likakatazwa! Mimi kila nikiisoma hii hadithi nasimama hapo, kwa sababu sisi watu wa leo tumegeuza, kiatu hatuna hata ruhusa nacho ila neno tunalo mchana kutwa na bando la kulitumia.

Na alikuwepo mwingine, Abdallah, walimpa jina la utani la Himar, mchekeshaji, alikuwa anamchekesha Mtume mwenyewe. Kaletwa kwa pombe, kachapwa, kaletwa tena, mpaka mtu akachoka akasema Allah amlaani, mara ngapi huyu analetwa! Mtume akamjibu msimlaani, wallahi ninavyojua mimi huyu anampenda Allah na Mtume wake. Mlevi wa kurudia rudia huyo, na bado lile jema lake lilitajwa mbele za watu.

Wanahistoria wamesimulia pia habari za Abu Mihjan wa Thaqif, huyu alikuwa mshairi, kwa lugha yenu tungesema staa, na pombe ilimshinda. Vita vya Qadisiyya kule Iraq vikamkuta kafungwa minyororo na Saad bin Abi Waqqas, kamanda wa jeshi la Waislamu. Akisikia vita vinapigwa nje roho inamuuma, akambembeleza Salma mke wa Saad amfungue, akaapa akibaki hai atarudi mwenyewe kwenye pingu. Akapewa farasi wa Saad, akapigana watu wakashangaa huyu katokea wapi, Saad anatazama kwa juu maana alikuwa mgonjwa, anasema farasi ni wangu na shambulio ni la Abu Mihjan, lakini si Abu Mihjan yuko kifungoni? Jioni kweli akarudi akatia miguu yake kwenye minyororo. Saad alipoambiwa akamuachia akasema hatamchapa tena kwa pombe, na yeye akasema basi na mimi wallahi siigusi tena. Sasa jiulize kama Salma angekuwa ni mtu wa stika.

Ya kufanya kwa stika ni mepesi, ifute, na kwenye grupu hilohilo ulikoituma andika kwamba ulikosea, na ukitaka kumuombea yule muigizaji uongofu inajuzu. Yeye mwenyewe hakujui na pengine kicheko chako hakijamfikia kabisa.

Ila yule jamaa yenu kimemfikia. Alikaa humo kwenye grupu siku mbili anasoma mnachosema juu ya mtu mwenye ugonjwa kama wake, na kila mlichoandika yeye kakisoma kwa jina lake. Hiyo ndo haki ya mja uliyonayo shingoni, sio ya Hollywood. Mpigie leo, sio meseji, mpigie. Usimuulize kwanini kalefti, muulize anakula nini jioni na kama yuko nyumbani, halafu nenda.

Wallahu aalam.