Zoezi la Nini?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi na wenzangu wawili hapa Ngamiani, Tanga, tunarusha droni kupiga picha mashamba ya mkonge. Droni yetu inaendeshwa na ArduPilot, ambayo ni programu dhibiti, yaani ile inayoiongoza bodi ya droni, tena ni programu huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa wote. Tunaiandikia skripti zetu wenyewe, yaani maagizo mafupi ya kompyuta, kwa lugha ya Lua. Kwenye ripoti ya mteja niliandika: "Zoezi la kuongeza skripti maalumu kwenye programu dhibiti limefanyika kwa mafanikio." Mwenzangu anasema skripti si Kiswahili, niandike hati. Nani amepatia?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umepatia wewe. Hati ni neno zuri la asili ya Kiarabu, lenye maana ya mwandiko, lakini kwetu limeshapewa kazi: hati ya kiwanja, hati ya mashtaka, hati ya kusafiria. Mwenye shamba kule Muheza akisoma kwamba droni imeongezwa "hati maalumu", atataka kujua imepigwa mhuri na nani. Skripti imetujia kutoka Kilatini kwa mkono wa Kiingereza, na imeshakaa: skripti hii, skripti hizi. Usiseme "maskripti". Wala usiionee haya kwa ugeni wake, kwani hiyo Lua unayoiandika ni neno la Kireno lenye maana ya mwezi. Lugha hiyo ilizaliwa Rio de Janeiro mwaka 1993. Kireno ndicho kilichotupa meza, leso na bendera, na hakuna Mtanga anayekula chini kwa kuukataa Ureno wa meza.

Ulichouliza kimekwisha. Kilichoninyima raha ni neno ambalo hukuliuliza, nalo ndilo limeifungua sentensi yako: zoezi.

Zoezi limetoka kwenye kuzoea. Ukimzoeza mtu jambo, unampa zoezi. Anafanya, anakosea, anarudia, mpaka mkono unazoea. Nenda Mkwakwani asubuhi ya siku ya kazi ukawaone Coastal Union wanakimbia kuzunguka koni, wanapigiana pasi fupi, kocha anasimamisha mpira na kuwaamuru waanze upya. Hayo ni mazoezi. Rudi siku ya mechi. Uwanja uleule, wachezaji walewale, mpira uleule, lakini hakuna wa kusimamisha na kusema tuanze upya. Bao likiingia limeingia. Mtangazaji akisema "zoezi la mechi linaendelea", jukwaa zima litamcheka. Mbona basi hatucheki tukisikia zoezi la kugawa vyandarua, zoezi la kupakua mizigo, zoezi la kulipa mishahara? Mshahara nao unalipwa kwa majaribio? Kwa uandikishaji wa wapiga kura nimeshachoka kupigana. Huko zoezi limeota mizizi, acha likae. Kwingine kote bado nina nguvu.

Nina sababu ya kulichukia. Siku ya msiba wa shangazi yangu, mshika kipaza sauti alitutangazia kwamba "zoezi la maziko" litaanza baada ya sala ya Alasiri. Nilikuwa nimeinama, nikainua kichwa. Shangazi anazikwa mara moja. "Tutamzika baada ya Alasiri": maneno manne, kila mtu ameelewa, na marehemu amestahiwa. Yule bwana hakuwa na nia mbaya. Alidhani neno refu la ofisini linaongeza heshima, kumbe lilimgeuza shangazi yangu kuwa kazi ya darasani.

Kwenye fani yenu, mwanangu, neno hili lina ubaya wa pili: linamficha mtendaji. "Zoezi limefanyika." Limefanywa na nani? Skripti ngapi? Zinafanya nini? Nyinyi mnatumia programu huria, ambayo kila badiliko la msimbo wake linawekwa pamoja na jina la aliyelifanya, tarehe yake na maelezo yake, ili kosa likionekana ajulikane wa kuulizwa. Watu walioijenga ArduPilot kwa uwazi huo wangesikitika kuona kazi yenu imeandikwa kana kwamba skripti ziliingia zenyewe. Droni ikianguka katikati ya mkonge, mteja hatataka kujua zoezi lilikumbwa na nini. Atataka kujua nani aliweka nini.

Na kuongeza kwenyewe kuna walakini. Skripti ya Lua haiingii ndani ya programu dhibiti. Unaiweka kwenye memori kadi, katika folda ya scripts iliyo ndani ya folda ya APM, unaweka parameta ya SCR_ENABLE, inayoruhusu skripti, kuwa 1, unaiwasha bodi upya, nayo programu dhibiti inaisoma. Programu yenyewe haikuguswa. Hilo ndilo jambo zuri la skripti, kwamba huhitaji kuijenga programu nzima upya kwa ajili ya mistari ishirini. Kwa hiyo hamkuongeza skripti kwenye programu dhibiti. Mmeiongezea droni skripti. Kiambishi kimoja tu cha kutendea, na sentensi imesema kweli.

Linaloniuma zaidi ni hili: kazini kwenu zoezi la kweli lipo, nanyi hamkulitaja. ArduPilot ina simuleta yake, SITL, ambamo programu ileile inayorusha droni inaendeshwa ndani ya kompyuta, pasipo bodi wala pangaboi. Humo mnaijaribu skripti, droni inaanguka, mnarekebisha mstari, mnairusha tena, na hakuna kilichovunjika. Hiyo ndiyo Mkwakwani ya asubuhi. Kama mlipita huko, mteja ana haki ya kujua, na hapo neno zoezi ni halali yenu kabisa.

Ripoti yako iandike hivi, ukijaza ukweli wako: "Tumeiongezea droni skripti mbili. Tulizifanyia mazoezi kwenye simuleta kwa siku tatu, kisha tukazirusha shambani."