Wakala wa viza ya Kanada anaishia wapi? (Jibu kwa aliyeahidiwa "asilimia mia")

Mkuu, umeuliza kama umpe yule wakala milioni 5 akuombee kibali cha kusoma Kanada, maana amekwambia lete pasipoti tu, mengine mwachie yeye, viza ni asilimia mia. Mimi nimepita kote, kwa kishoka na kwa mshauri mwenye leseni, ngoja nikusimulie.

2021 nilimpa jamaa mmoja wa Dar milioni 3 na nusu. Akafungua akaunti ya maombi mtandaoni kwa imeili yake, akajaza fomu, mimi nikapiga saini bila kusoma, kama mtu anayepokea mzigo stendi. Nikatoa alama za vidole, nikasubiri, nikanyimwa. Barua ilikuwa fupi: ofisa hajaridhika kwamba nitaondoka Kanada muda ukiisha. Jamaa akasema ni bahati mbaya tu, ongeza milioni moja turudie.

Shemeji yangu aliyeko Edmonton akanitafutia mshauri mwenye leseni. Huyo mama hakugusa fomu kwanza. Aliomba faili la ombi langu la zamani kutoka idara yao ya uhamiaji. Wakati ule ukiwa huku hukuweza kuliomba mwenyewe kwa njia hiyo, alikuombea mtu aliyeko kule kwa ridhaa yako, na ada ilikuwa dola 5 za Kanada. Dola tano, wakuu! Lilipokuja nikatamani ardhi inimeze. Barua ya malengo ya masomo ilisema nikirudi nitaendeleza "hospitali yetu". Mimi ni mpima ardhi. Kishoka alibandika barua ya mteja mwingine. Na pale wanapouliza kama umewahi kunyimwa viza na nchi yoyote, alijibu "hapana", wakati Uingereza walininyima 2018 na nilimwambia kwa mdomo wangu.

Hilo la pili ndilo lililomtisha mama. Kifungu cha 40 cha sheria yao ya uhamiaji: ukidanganya au ukificha jambo la msingi, unaweza kufungiwa miaka 5. Kusema "alijaza wakala" hakukuokoi, saini ni yako. Kwenye ombi la pili tulieleza wazi kwamba lile jibu lilikuwa na makosa, na kwa nini.

Nilidhani nikilipa mtaalamu nitakaa kitako. Wapi! Barua aligoma kuniandikia, akawa ananiuliza maswali tu mpaka nikaiandika mwenyewe mara tatu. Akaona milioni 9 zimeingia benki kwa siku moja, akataka hati ya mauziano ya kiwanja cha Kigamboni yenye muhuri wa serikali ya mtaa. Nikaona ananisumbua, ila ofisa angejuaje kama hela ni yangu au nimeazimwa wiki mbili? (Wakati ule ulionyesha dola 10,000 za kujikimu, mbali na ada na nauli. Januari 2024 ikawa 20,635 na imepanda tena, kwa hiyo angalia kiwango cha siku unayoomba.)

Mkataba wake ulisema ada ya kibali dola 150 na ya alama za vidole 85 ni juu yangu, na kwamba haahidi matokeo. Nikamwuliza kama akituma yeye majibu yatawahi. Akacheka. Foleni ni ile ile.

Sasa huyo wako. Kwa sheria ya Kanada, anayelipwa kukushauri kuhusu ombi awe mwanasheria wa chama cha sheria cha jimbo, notari wa Quebec, au mshauri aliye kwenye daftari la CICC, chombo kinachowapa leseni washauri wa uhamiaji, ambalo liko wazi mtandaoni. Ndugu anaweza kukusaidia bure. Wakala wa vyuo naye anakula kamisheni ya chuo, akutafutie nafasi, sawa, lakini kukuuzia ushauri wa kibali bila leseni hana ruhusa. Mwambie ajaze IMM 5476, fomu ya kumtaja mwakilishi, na namba yake ya leseni iwemo. Wangu wa Dar jina lake halikuonekana popote kwenye faili.

Na kama ameshakufungulia akaunti, leo leo badilisha imeili na nywila ziwe zako. Barua ya kukuita ukatoe alama za vidole inaingia humo, na ikishatoka una siku 30 za kuzitoa.