Vijana, kabla hamjaongeza kitu kwenye bango

Wiki hii nimefungua mafaili manne ya dizaina wetu wapya, na yote yana ugonjwa uleule: picha sita, fonti tano, kivuli juu ya kivuli. Nawapenda wadogo zangu, ndiyo maana siwezi kunyamaza.

1. Mjueni Lucian Bernhard, mchoraji wa mabango. Alizaliwa Ujerumani mwaka 1883, akaitwa Emil Kahn, na ufundi kwa sehemu kubwa alijifunza mwenyewe. Akiwa bado kijana aliingia shindano la bango la viberiti vya Priester huko Berlin. Inasimuliwa kwamba mwanzoni alichora meza, kisahani cha majivu, sigara nene inayofuka, wasichana wakicheza ndani ya moshi, na njiti za kiberiti pembeni. Rafiki yake akaitazama, akamsifu kwa tangazo zuri la sigara! Bernhard akafuta sigara. Sasa kisahani cha nini? Akakifuta. Wasichana wakaondoka na moshi wao, meza ikafuata. Zikabaki njiti mbili na jina Priester. Kazi hiyo ilikuwa imeshatupwa pale Ernst Growald wa kampuni ya uchapaji ya Hollerbaum & Schmidt alipoiokota na kuitetea. Ikashinda. Kutoka hapo Wajerumani wakapata mtindo wa bango uitwao Sachplakat: kitu chenyewe, jina lake, basi. Viatu vya Stiller na plagi za injini za Bosch alivitangaza hivyohivyo, kabla hajahamia New York mwaka 1923.

2. Nijueni na mimi. Mwaka wangu wa pili kazini nilipewa bango la siku ya chanjo ya watoto. Nikaweka mama, mtoto, nesi, jua linachomoza, ramani, na logo za wafadhili zimejipanga chini kama askari. Tarehe nikaibana juu ya logo, herufi nyembamba, nyeupe juu ya njano. Kwenye skrini ilisomeka. Mteja akasaini proofu, yaani sampuli ya kukagua kabla ya kuchapa, tukachapa nakala 500. Siku chache baadaye nilikuwa stendi nasubiri basi, bango langu limebandikwa ukutani. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akasimama mbele yake, akasogea, akarudi nyuma, kisha akamuuliza muuza maji: "Baba, hapa wameandika lini?" Muuza maji naye akakaza macho, akashindwa. Nilimwendea nikamtajia tarehe. Wengine wote waliopita pale sikuwa na namna ya kuwatajia. Usiku ule sikulala, na mpaka leo nikiona nyeupe juu ya njano tumbo linanikaza.

3. Blidi, yaani picha au rangi inayopita ukingo wa kukatia karatasi, milimita 3. CMYK, rangi za wino wa kuchapia, siyo RGB, rangi za skrini. Proofu isomwe na mtu ambaye hakuitengeneza.

4. Bandika kazi ukutani, rudi hatua kumi, soma. Ukishindwa, usiongeze ukubwa wa maandishi kwanza. Ondoa jirani zake. Jana mmoja wenu aliniletea bango la mtindi: ng'ombe, mlima, familia mezani, glasi. Nikamsimulia habari za njiti mbili. Akaondoa mlima bila shida. Familia akaing'ang'ania, maana alikuwa ameihangaikia siku nzima, na namwelewa kabisa. Saa kumi jioni akaitoa. Alipomfikia ng'ombe, akaniangalia kwa huruma, "Hata huyu, kaka?" Nikamwambia hata huyo. Glasi ikabaki peke yake, nyeupe juu ya bluu nzito, na mhudumu aliyekuwa akipita mlangoni na chai akasimama akauliza mtindi huo unauzwa wapi.